Dubu wa Toader

Jumatatu, 2 Septemba

Daktari wa mjini Bacău amesema neno lake, nami nimelirudisha nyumbani ndani ya mkoba pamoja na picha za mapafu ya mdogo wangu. Saratani, na imekwisha kusambaa. Nilipomuuliza kuhusu Krismasi, alitazama kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta nafasi ya mkutano, akasema tusiahidiane. Kwa miaka ishirini na sita, katika safu yangu ya gazeti, nimegombana na mawaziri, maaskofu na wenye viwanda. Leo sikupata hata neno moja la kumpiga nalo kijana yule wa koti jeupe, kwa kuwa hakuwa na kosa lolote.

Toader alikuwa kwenye benchi la nje, akila tufaha. Tulipofika kwenye daraja la Trotuș ndipo aliposema, huku akitazama mto:

"Dada, nataka kumwona dubu."

Nikadhani ni zile sindano. Akacheka kwa kukohoa. "Miaka thelathini na moja nimevaa ngozi yake. Kwa ndani namjua. Kwa nje hatujawahi kuonana."

Ni kweli, na katika bonde letu ni kichekesho cha zamani. Kila mwisho wa mwaka wanaume wetu huvaa ngozi nzima za dubu, na vichwa vyake na kucha zake, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakicheza kwa ngoma ili mwaka uondoke na mabaya yake. Ngozi ya kwetu ilikuwa ya babu, ikaja kwa baba, ikaja kwa Toader. Ina kilo arobaini ikiwa kavu. Lakini Toader alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao kando ya reli tangu ujana, akiingia asubuhi na kutoka jioni, na msitu aliuona ukiwa tayari umekatwa. Dubu wamekula kuku wa jirani zake. Mmoja amelala kwenye bustani ya plamu ya padri. Watu wote wa mtaa wamewaona, isipokuwa yeye. Wenzake wa kikundi humwita Bwana Harusi Asiyemjua Mkewe.

Nikamwambia atamwona. Nilisema kwa sauti ile ninayotumia kumalizia makala.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi ya kuchagua safari nimejitwalia mimi. Profira, mke wa Toader, alinifutia meza akasema, "Wifi, wewe ndiye uliyesoma, tafuta," na mimi sihitaji kuambiwa mara mbili.

Kuna barabara ya mlimani ambako dubu hukaa kando ya lami wakiomba biskuti kwenye madirisha ya magari. Hiyo sitaki hata kuijadili. Mnyama aliyefundishwa kuomba amekwisha kuuawa, kilichobaki ni risasi tu.

Halafu kuna kibanda cha Gavril Moroșan. Nilisoma naye darasa moja. Alikuwa mlinzi wa msitu, sasa amejenga nyumba ya mbao yenye kioo kipana kinachotazama uwazi mmoja usio na miti huko nyuma ya Ghimeș, na kila siku humwaga pale mahindi na mikate iliyochacha ya bekari. Wageni huketi ndani kwenye viti na kamera zao, dubu wanakuja kula, wageni wanarudi hotelini. Miaka miwili iliyopita niliandika kwamba anayemtazama dubu juu ya rundo la mikate haoni dubu, anamwona mbwa mkubwa wa Gavril. Sentensi ile ilitembea kuliko mimi. Sokoni wakaanza kumwita Bwana Mbwa Mkubwa. Makundi matatu yakafuta safari zao. Gavril hakujibu, na mimi nilihesabu ukimya wake kuwa ushindi.

Sentensi nzuri. Nimeisoma tena leo na bado ni nzuri.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumepika jamu ya plamu. Toader alikoroga mpaka mkono ukamwisha nguvu.

Jumatano, 11 Septemba

Gavril amekuja mpaka uani kwa Toader, na kofia mkononi. Mimi nilikuwa napanga kuni, kwa hiyo ni mimi niliyemkuta.

Alisema amesikia. Alisema kibanda kiko wazi kwa Toader siku yoyote, gari lake linafika mpaka mlangoni, kuna kiti cha kuegemea na blanketi. Wiki hii dubu wanakuja watano, wakati mwingine sita. "Lakini aje sasa, kabla njugu za miti ya msituni hazijaanguka. Mwaka huu ile miti ya gome la kijivu imebeba mpaka matawi yanainama. Njugu zikishaanguka, dubu wote watapanda juu kuzifuata, na mahindi yangu hakuna atakayeyatazama."

Nikamjibu kwamba mdogo wangu hafi kwa hamu ya kuona mbwa.

Hakupandisha sauti. "Sikukaribishi wewe, Smaranda. Namkaribisha yeye."

Nikasema vile vile ninavyosema kila mara. Kwamba kuna watu wanaouza msitu kwa magogo na kuna wanaouuza kwa macho, na sioni tofauti. Kwamba Toader amebeba ngozi ya mnyama wa kweli kwa miaka thelathini na moja na anastahili mnyama wa kweli. Niliona maneno yanajipanga mstari yenyewe. Gavril akavaa kofia akaenda zake. Toader alikuwa amesimama dirishani. Hakusema kitu, kwa hiyo tumekubaliana.

Jumapili, 15 Septemba

Nimempata ninayemtaka. Anaitwa Emőke, Mhungaria wa upande wa pili wa mlima, amesomea misitu na anaongoza watu wasiozidi wanne kwa miguu. Hamwagi chambo. Anawapeleka mwendo wa saa tatu mpaka kwenye ukingo unaotazamana na mteremko wa matunda mwitu, wanakaa kimya mpaka jua linashuka, wanarudi. Kwenye barua yake ameandika: "Naahidi miguu itauma. Zaidi ya hapo siahidi kitu." Nilimpenda hapo hapo. Hatimaye mtu mmoja katika nchi hii anayeuza kitu na hadanganyi.

Aliuliza mgonjwa ana nguvu kiasi gani. Nikamwandikia kwamba ni mtu anayecheza siku tano mfululizo na kilo arobaini mgongoni. Sikuandika kwamba hiyo ilikuwa mwaka jana.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Toader anakohoa pamoja nayo. Emőke ameahirisha.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua imekatika mchana, ikarudi. Nimeandika makala kuhusu barabara mpya ya magogo na mhariri amenipigia kunisifu. Niliisoma mbele ya Toader. Akasema, "Umewapiga vizuri, dada," kisha akauliza kama safari ya Jumamosi bado ipo. Nikamwambia ipo.

Jumamosi, 28 Septemba

Ninaandika nikiwa nimeketi kwenye ngazi za hospitali, kwa sababu ndani hawaniruhusu kukaa.

Tulianza vizuri. Emőke ni mfupi, mwenye mikono ya mtu anayepasua kuni, na alimtazama Toader kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akamwambia, "Kaka, ukichoka sema. Dubu hana haraka, na sisi hatuna."

"Nikichoka dada atanibeba," Toader akamjibu. "Amenibeba kwa maneno maisha yangu yote, kwa mgongo hatashindwa."

Akaanza kumtania kwamba Wahungaria waliwaficha dubu upande wao ili Wamoldavia wa upande wetu wabaki na ngozi tu. Emőke akasema ndiyo, walikubaliana hivyo na dubu wenyewe, kwa maandishi. Walicheka wote wawili, na kila Toader alipocheka ilibidi tusimame mpaka kikohozi kiishe.

Njiani akatuonyesha kinyesi cheusi kilichojaa kokwa za plamu, na Toader akakitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa ajili yake. Mbele kidogo palikuwa na msonobari uliokwaruzwa juu kuliko kimo changu, na kwenye utomvu zilinasa nywele tatu. Alizibandua moja moja akazinusa. "Si harufu ya yule wa nyumbani," alisema. Yule wa nyumbani ananuka dawa ya nondo na jasho la wanaume watatu wa ukoo wetu. Alizifunga kwenye leso. Sijamwona na uso ule tangu alipooa, na nikajiambia: tazama, hii ndiyo tofauti, hii haipatikani kwenye kiti cha Gavril.

Tulifika ukingoni tumechelewa saa nzima. Tukakaa. Chini ya ile miti mikubwa ya kijivu njugu za pembe tatu zilikuwa zimeanza kuanguka, zikidondoka juu ya majani makavu, na Emőke alikuwa akisikiliza huku amekunja uso. Mteremko wa mbele ulikuwa mtupu. Jua lilishuka. Alipita paa mmoja, kisha hakuna. Saa kumi na mbili Emőke akatikisa kichwa. Toader alisema asante, kwa heshima, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ambayo mwenyeji hakuwepo.

Wakati wa kushuka magoti yalimkatika. Hakulalamika, aliketi tu kwenye matope, midomo ya bluu. Tulimbeba kwa zamu na kwa pamoja, mwendo wa saa mbili gizani, na hakuwa mzito. Hilo ndilo lililonitisha, jinsi alivyokuwa mwepesi.

Kwenye gari Emőke aliniambia bila kunitazama: "Mama, uliniambia ana nguvu. Mimi sikukuahidi dubu. Wewe uliniahidi mtu mwenye afya."

Nilikuwa na majibu manne. Nikamfunika Toader kwa koti langu.

Jumatatu, 30 Septemba

Vichomi. Wamemwekea oksijeni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Bado.

Jumapili, 6 Oktoba

Homa imeshuka. Nje ya wodi Profira alikuwa akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka. Nikaanza kumwambia kwamba akipona kidogo tutajaribu njia fupi zaidi, kwamba nimeshamwandikia Emőke kumwomba radhi, kwamba kuna bonde jingine. Akaniacha nimalize. Profira ni mpole, na kwa miaka ishirini na minne nimekosea nikidhani upole wake ni kukubaliana nami.

"Wifi," akasema, "ulimuuliza yeye?"

Nikasema yeye ndiye aliyetaka dubu.

"Alitaka dubu. Njia ulitaka wewe."

Kisha akaniambia. Siku ile Gavril alipokuja, Toader alimsikia tangu langoni. Kabla sijamaliza kusema na Gavril, alikuwa amekwisha kutoa buti zake chini ya kitanda, akamwomba Profira shati la flaneli na chupa ya chai. Alikuja dirishani akiwa amevaa buti. Gavril alipoondoka, akazivua, akazirudisha. Profira alipomuuliza, alisema hata akimwona anakula mkate kwenye sahani na uma, kwake sawa, mradi amwone.

Chungwa lilikuwa limemenywa lote. Akalifunga kwenye karatasi akaingia ndani.

Mimi ninayeandika kila wiki kwamba watu wa bonde hili hawaulizwi. Hawaulizwi kuhusu magogo, hawaulizwi kuhusu machimbo, hawaulizwi kuhusu reli. Nimelisema hilo mbele ya kamera. Na mtu mmoja alisimama dirishani kwake amevaa buti, nami sikugeuka kumuuliza.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri sana, bomba la oksijeni puani.

"Dada, wewe ukishaanza kusema ni treni, mtu apande au abaki stesheni. Nikapanda."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo.

Jumatano, 16 Oktoba

Amerudi nyumbani. Chumba cha mbele, karibu na jiko. Ngozi imening'inia ukutani mbele ya kitanda kwa sababu Profira hana pa kuiweka kwingine, na wawili hao wanatazamana mchana kutwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Gavril. Nilikwenda kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno, na nilipofika langoni yote yalikuwa yamekwisha.

Alikuwa akiwalisha nguruwe. Hakuniambia niketi, na alikuwa na haki. Nikasema nimekuja kuomba. Akamaliza ndoo ya kwanza, akaenda kuchukua ya pili, akaimwaga, akaiosha.

"Umechelewa wiki tano," akasema.

Njugu zimeanguka zote. Hajaona mwaka kama huu tangu aanze kazi ya ulinzi. Dubu wako juu kabisa, wanalala juu ya chakula chao wenyewe, na tangu mwanzo wa mwezi hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenye uwazi wake. Amewarudishia wageni fedha zao. Mikate imeliwa na nguruwe mwitu, kisha hata nao wakaacha.

Kwa hiyo nimepata nilichokidai katika makala: msitu uliojaa, dubu wasiohitaji mikate ya mtu. Nilisimama pale uani kwake, nimeshinda mabishano yote.

"Mlete hivyo hivyo," Gavril akasema. "Dubu hana kalenda. Huenda mmoja akakumbuka mahindi."

Nikamwambia nitaandika gazetini kumwomba radhi, kwa jina. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Acha, Smaranda. Utaandika, halafu watu wataitafuta ile ya kwanza waisome tena."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Septemba. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Toader hawezi kutoka. Maumivu.

Ijumaa, 1 Novemba

Dozi mpya. Analala mchana, usiku anaomba hadithi, na mimi niliyejaza rafu nne za vitabu sina hata moja inayomfaa. Ninamsomea matangazo ya gazeti. Anapenda ya mbuzi wanaouzwa.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimemuuliza. Nilivuta kiti nikasema: dubu hawashuki, Gavril anasema hivyo, safari itakuumiza, na huenda tukarudi bila kitu. Unataka kwenda au hutaki? Nikanyamaza. Nilihesabu mpaka kumi na saba.

"Nataka kwenda," akasema. "Na nataka soksi za baba."

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Gavril alikuja saa saba mchana na gari lake la msituni. Alikuwa amefunga kiti cha sebuleni kwake nyuma kwa kamba, na juu yake ngozi mbili za kondoo. Alimbeba Toader kutoka kitandani mpaka kitini mwenyewe, na kuniruhusu kubeba mtungi wa oksijeni. Profira alimpa chupa ya chai na kipande cha ugali na jibini, akamfunga skafu, akarudi ndani haraka.

Baridi ilikuwa kavu, anga safi. Kibandani alimweka mbele ya kioo, miguu juu ya boksi, blanketi mpaka kidevuni. Kisha akashuka kwenye uwazi na ndoo ya mahindi, mikate mipya ambayo najua hakuitoa bekari bure, na sufuria ya asali. Akachukua reki. Mbele ya kibanda, tangu ukutani mpaka mstari wa miti, ameweka mchanga, na kila siku huuparua ukawa laini ili kesho yake asome nani amepita. Aliparua taratibu, akirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka hapakubaki hata alama ya kiatu chake. Akasema atatufuata gizani.

Tukabaki wawili. Niliapa sitahubiri, na sikuhubiri. Toader alinong'ona kwamba kioo ni kisafi kuliko cha kanisa. Baadaye akauliza kama nakumbuka mwaka baba alipoanguka na ngozi kwenye barafu mbele ya nyumba ya mkuu wa polisi, akacheza akiwa chini ili aonekane amekusudia. Nikakumbuka. Alipita mbweha, akalamba ukingo wa sufuria ya asali, akakimbia. Ndege wa bluu akaja kwenye mahindi. Mwanga ukaanza kwenda.

Sikuwa nimelala usiku tatu. Si udhuru, ni hesabu tu. Niliegemeza kichwa kwenye mbao, na nilipofungua macho nje kulikuwa kweusi na mkono wa Toader ulikuwa juu ya wangu.

"Alikuja," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Alikuja, dada. Sikukuamsha, ungeniambia jambo." Alikuwa akitabasamu, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko wiki nzima. "Mkubwa. Alitoka pale kwenye misonobari miwili. Alikuja mpaka katikati, akasimama kwa miguu ya nyuma. Akayumba kushoto, kushoto tena, kisha kulia. Akanitazama. Kisha akageuka akaenda zake."

Kushoto, kushoto, kulia. Ni hatua ya kuingilia ya kikundi chetu. Nimeiona kila mwisho wa mwaka tangu nijue kusimama.

Gavril akaingia na tochi. Toader akamwambia naye, yote, kwa mpango ule ule. Gavril alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye kioo akaangaza nje, polepole, tangu ukutani mpaka kwenye miti, na mimi nilikuwa nyuma ya bega lake. Mchanga ulikuwa kama shuka iliyopigwa pasi. Mahindi yalikuwa rundo kamili. Palikuwa na mstari mmoja wa nyayo ndogo za mbweha, kwenda na kurudi.

Mwanga ulikaa pale muda mrefu.

"Alikuwa na sikio lililochanika?" Gavril akauliza.

"Ndiyo," Toader akasema. "La kushoto."

"Basi ni mzee mwenyewe. Nilidhani amekwenda juu na wengine." Akazima tochi. "Una bahati, Toader. Kuna watu wanakuja mara nne, hawamwoni."

Tukarudi. Toader alilala kitini, mdomo wazi kidogo.

Jumapili, 10 Novemba

Nimewasahihisha watu maisha yangu yote. Nimemsahihisha padri katikati ya mahubiri. Ninajua jinsi ya kulibomoa jambo lile kwa maswali mawili, na tangu asubuhi maswali hayo yananijia mdomoni kama mate.

Nimejaribu kumtetea pia, maana hata hilo ni ufundi wangu. Labda dubu alisimama ukingoni, penye majani, pasipo na mchanga. Labda dawa ilimwonyesha. Lakini Toader amesema katikati. Na dawa ya jioni alikuwa ameikataa, alitaka macho yake yawe mazima.

Alinidanganya. Alinitazama nimelala pale, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyemchagulia njia isiyofaa, akaona nitakavyoishi baada yake, akanitungia dubu.

Alhamisi, 14 Novemba

Wageni. Kikundi kizima cha ngoma kimepita, wawili wawili. Toader amesimulia mara sita leo. Sasa dubu anapumua, na pumzi yake inafika kwenye kioo. Kila mara ananitazama anapofika hapo, na kila mara mimi natia chai kwenye vikombe.

Jumatatu, 18 Novemba

Theluji ya kwanza. Hajala.

Ijumaa, 22 Novemba

Saa kumi na dakika ishirini alasiri. Profira alikuwa ameshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mshumaa wa kuaga, kama desturi yetu, Toader aliushika mwenyewe mpaka karibu na mwisho.

Jumamosi, 23 Novemba

Nyumba imejaa. Profira ameweka ngano iliyochemshwa na sukari kwenye sinia, majirani wameleta kabichi zilizofungwa nyama, padri amekuja na kuondoka. Toader yuko chumba cha mbele, amevaa suti ya harusi ambayo sasa ingemtosha yeye na mtu mwingine pamoja. Wanaume wa kikundi wameketi ukutani kote, kofia magotini, na kama inavyokuwa kwetu walianza kwa kumtaja vizuri, kisha wakaanza kumtania. Wakafika kwenye Bwana Harusi Asiyemjua Mkewe. Mmoja akasema alimjua, alimjua mwishoni. Mwingine akaguna.

Ndipo mzee Iftimie akanigeukia. Ndiye anayepiga ngoma ya kwanza na ndiye anayewapanga, na kwa kikundi neno lake ndilo la mwisho. Si mtu wa kejeli.

"Smaranda," akasema, "wewe hujawahi kumpendelea mtu kwa maneno, hata baba yako hukumpendelea. Tuambie sisi wenzake. Alimwona, au alikuwa anatuburudisha?"

Profira alikuwa mlangoni na sinia. Gavril aliketi mwisho wa benchi karibu na jiko, buti zake zikimwaga theluji sakafuni, akitazama mikono yake.

"Alimwona," nikasema. "Nilikuwa macho. Nilimwona na mimi."

Mzee Iftimie akatikisa kichwa mara moja, na mtu akaomba chupa ya pombe ya plamu ipitishwe. Nilitafuta kiti na vyote vilikuwa na watu.

Gavril akasogea kwenye benchi. Nikaketi.